Niliulizwa kama ningelipa, nikajibu hapana

Swali lilijitokeza kwenye kisanduku kidogo chini ya skrini: "Je, ungekuwa tayari kulipia huduma hii kama ingekuwa bora zaidi?" Vitufe vilikuwa viwili, Ndiyo na Hapana. Nilibonyeza Hapana haraka, kama mtu anayefukuza nzi, nikaendelea na nilichokuwa nafanya.

Nilichokuwa nafanya ni kuongeza neno kwenye daftari langu la maneno. Kwa miaka tisa nilikuwa nakusanya humo kila neno lililonishtua: neno la mafundi ambalo halimo kwenye kamusi, neno la wazee lililobadilika maana mdomoni mwa vijana, kitenzi ambacho nilidhani nakijua hadi nilipomsikia mtu akikitumia vizuri kuliko mimi. Chini ya kila neno niliandika nani alilisema na katika mazungumzo gani. Vyote hivyo vilikaa kwenye programu moja ya bure ya kuandikia kumbukumbu. Ilikuwa nyepesi, ilifunguka upesi, na nilichoandika kwenye simu nilikikuta kwenye kompyuta.

Kama miaka miwili baada ya swali lile, wenye programu walituma barua pepe kwamba huduma itafungwa baada ya siku thelathini, kila mtu apakue vitu vyake. Barua hiyo ilitumbukia kwenye folda ya barua taka. Nilipoiona, siku arobaini na kitu zilikuwa zimekwisha. Niliandika kuomba, nikaandika tena. Mara ya kwanza mashine ilinijibu kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Mara ya pili hata mashine haikujibu. Miaka tisa ya maneno ikaondoka hivyo, na mpaka leo kuna maneno ninayokumbuka kwamba niliyaandika lakini siyakumbuki yenyewe.

Tangu hapo nimeifikiria ile Hapana mara nyingi. Ilikuwa kweli? Siku ile, ndiyo, ilikuwa kweli kabisa. Programu ilinitosha, na "bora zaidi" haikunipa picha ya kitu chochote. Lakini siku ya arobaini ningelipa mara kumi ya walichokuwa wanafikiria kunitoza. Si kwa sababu ya rangi mpya au vitufe vingine, bali ili iwepo tu, na upande wa pili awepo mtu wa kunijibu. Hilo hawakuniuliza.

Nadhani hapo ndipo mjadala wote kuhusu kulipia huduma za mtandaoni unapopotelea. Watu huulizwa kama watanunua ubora, wanasema hapana, kisha wenye huduma wanahitimisha kwamba binadamu wa mtandaoni ni bahili na hakuna njia isipokuwa matangazo. Siamini hivyo.

Kwanza, watu walishawahi kulipa, tena bila kulazimishwa. Ufaransa ilikuwa na Minitel miaka mingi kabla wengi wetu hatujasikia neno intaneti. Kilikuwa kifaa kidogo chenye skrini na kibodi, kilichounganishwa na laini ya simu ya nyumbani, na shirika la simu liligawa vifaa hivyo bure. Kuanzia 1984 huduma nyingi za Minitel zilitozwa kwa dakika. Ulisoma habari, ulitafuta treni, ulizungumza na watu usiowajua, na gharama ilikuja ndani ya ankara ileile ya simu. Shirika la simu lilibakiza sehemu yake na kumpelekea mwenye huduma iliyobaki. Hukujaza fomu wala hukuhitaji kumkabidhi kila mwenye huduma namba za kadi yako. Mamilioni walilipa hivyo kwa miaka, na mtambo ulizimwa tarehe 30 Juni 2012, umri ambao programu nyingi za leo hazitaufikia.

Wavuti tunaoutumia sasa ulizaliwa bila ankara ya namna hiyo. Waliouandikia kanuni waliliona pengo. Kila mtu amekutana na namba 404, ukurasa haupatikani. Wachache wamekutana na jirani yake, 402, yenye maana kwamba malipo yanahitajika. Namba hiyo iliingizwa kwenye kanuni za HTTP, ambazo kivinjari na tovuti huzitumia kuwasiliana, miaka ya tisini, ikaandikiwa kwamba imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Toleo la kanuni hizo la Juni 2022 bado linasema vivyo hivyo. Nilipoligundua jambo hili nilihuzunika kidogo, kama mtu aliyeoneshwa kwenye ramani ya nyumba yake mlango ambao haukujengwa kamwe.

Matangazo ndiyo yaliyoliziba pengo hilo. Tarehe 27 Oktoba 1994 tovuti ya HotWired ilianza kuonyesha mabango ya matangazo, moja la kampuni ya simu ya AT&T miongoni mwao. Tangazo lilikuwa na faida moja kubwa mno: halikumhitaji msomaji afanye chochote. Aliyelipa alikuwa mwingine, na hesabu zake zilifanyika mahali pengine.

Basi tukazoea sifuri, na sifuri ni bei ya ajabu. Watafiti watatu, Kristina Shampanier, Nina Mazar na Dan Ariely, walichapisha mwaka 2007 majaribio waliyofanya kwa chokoleti za aina mbili, moja nzuri sana na nyingine ya kawaida. Zote zilipokuwa na bei, nzuri ikizidi kwa senti kadhaa, wengi walichagua ile nzuri. Kisha bei zote mbili zikashushwa senti moja, hivyo ya kawaida ikawa bure. Tofauti ya bei ilibaki ileile, lakini watu wakahamia kwenye ya bure. Senti moja kati ya sifuri na moja ina uzito ambao senti kati ya kumi na nne na kumi na tano haina.

Kwa chokoleti mambo huishia hapo, lakini mtandaoni senti ya kwanza huja na msafara. Lazima utafute kadi, kama unayo. Lazima uandike jina lako kamili mahali ambapo jana uliingia bila kujulikana. Lazima ujiulize kama watakukata tena mwezi ujao, na kama utakumbuka kusitisha. Mwishoni mwa miaka ya tisini mtaalamu wa kompyuta Nick Szabo aliandika kuhusu gharama hizi za akilini, akieleza kwa nini malipo madogomadogo mtandaoni yangeshindwa hata kama mitambo ya kuyapokea ingekuwa kamili: kazi ya kuamua ina bei, na kwa kitu kidogo bei hiyo huzidi bei ya kitu chenyewe. Ninapokumbuka kidole changu kikielekea kwenye Hapana, naona kwamba kilichonichosha hasa ni kule kutakiwa kuamua.

Mfano ninaourudia zaidi ni WhatsApp. Waanzilishi wake, Jan Koum na Brian Acton, waliokuwa wamefanya kazi Yahoo, waliichukia biashara ya matangazo na walisema hadharani hawataki kuiingiza kwenye programu yao. Ada waliyoweka ilikuwa senti 99 za dola kwa mwaka, baada ya mwaka wa kwanza wa bure. Mwaka 2014 Facebook ilitangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 19. Januari 2016, watumiaji wakikaribia bilioni, ada ikafutwa. Sababu iliyotolewa hadharani naiona ya thamani kuliko tafiti nyingi za soko: watumiaji wengi hawakuwa na kadi ya benki, na waliogopa kwamba mwaka wa kwanza ukiisha watapoteza mawasiliano na ndugu na marafiki zao.

Isome tena sentensi hiyo. Hawakusema watu waliiona senti 99 kuwa nyingi. Walisema watu walikosa njia ya kulipa, na waliogopa kufungiwa nje. Mtu anayeogopa kupoteza huduma ni mtu anayeithamini, na katika soko lolote huyo ndiye mnunuzi. Badala ya kumjengea njia ya kulipa na kumtoa hofu, bei iliondolewa. Juni 2025 Meta, jina jipya la kampuni ya Facebook, ikatangaza matangazo ndani ya WhatsApp, kwenye ukurasa wa masasisho. Acton alikuwa ameshaondoka zamani, na mwaka 2018 alitoa dola milioni 50 kuanzisha taasisi inayoendesha Signal, programu nyingine ya ujumbe.

Kuna ushahidi mwingine kutoka upande wa utafutaji. Mwaka 1998 waanzilishi wa Google, Sergey Brin na Larry Page, wakiwa bado Chuo Kikuu cha Stanford, waliandika kwamba mtambo wa utafutaji unaoishi kwa matangazo kwa asili yake utawapendelea watangazaji na kuyapa kisogo mahitaji ya watafutaji. Waliandika wenyewe, kisha biashara ikawapeleka hukohuko. Miaka ishirini na kitu baadaye Sridhar Ramaswamy, aliyewahi kuongoza matangazo ya Google, alishiriki kuanzisha Neeva, mtambo wa kutafuta usio na matangazo, uliotegemea wanaolipia. Juni 2023 ukafungwa kwa watumiaji wa kawaida. Wanaoamini kwamba watu hawalipi waliuongeza kwenye orodha yao ya vielelezo. Lakini waanzilishi walisema kinyume katika barua ya kuaga: kuwashawishi watu walipe hakukuwa kugumu kama kuwashawishi wajaribu mtambo mwingine. Simu inakuja na mtambo mmoja umeshawekwa, kivinjari vilevile, na kubadilisha ni kuzama kwenye mipangilio ambayo watu wengi hawajawahi kuifungua.

Kwa hiyo hata pale ambapo watu walikuwa tayari kulipa, huenda hawakufika mlangoni.

Sasa niseme jambo ambalo wapenzi wa huduma za kulipia hawapendi kulisikia, nami ni mmoja wao. Wanaosita wana sababu. Waswahili walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na katika miaka hii nimeona tembo likitiwa maji mbele ya macho ya walioshalipa. Januari 2024 Amazon ilianza kuweka matangazo kwenye huduma yake ya video, Prime Video, nchini Marekani, kwa watu waliokuwa wanalipa tayari. Aliyetaka yaondoke alitakiwa kuongeza dola 2.99 kwa mwezi. Mimi mwenyewe nililipia huduma moja ya kuhifadhi faili kwa sababu ya kitu kimoja tu, uwezo wa kurudi kwenye toleo la zamani la andiko nililoliharibu. Mwaka wa pili uwezo huo ukapandishwa kwenye daraja la juu, la bei kubwa zaidi. Nilipotaka kujitoa, kitufe nilikikuta kwenye ukurasa wa tano, baada ya kuulizwa mara tatu kama nina uhakika. Kujiunga kulikuwa kumenichukua dakika moja.

Ndiyo maana ule msemo maarufu, kwamba usipolipa wewe ndiwe bidhaa, siurudii tena. Unamwambia mtu kwamba akilipa atakuwa mteja, atapewa heshima. Wako waliolipa wakabaki bidhaa vilevile, data zao zikikusanywa kama za wengine. Malipo pekee hayambadilishi mwenye huduma. Kinachombadilisha ni pale ambapo pesa zako ndizo tegemeo lake na unaweza kuondoka nazo bila kuacha vitu vyako nyuma. Ile programu ya daftari langu la maneno ingeweza kunitoza na bado kufunga milango. Tofauti ingekuwa kama ingeniruhusu, tangu siku ya kwanza, kuchukua nakala nzima kwa kubonyeza mara moja, na kama ingenikumbusha kufanya hivyo.

Nimefika pia mahali ambapo swali la "bora" linaniogopesha. Kuna ubora ambao ni halali kuuza. Nafasi zaidi ya kuhifadhi picha, kasi zaidi, skrini isiyo na matangazo, uwezo wa kupakua wimbo usikilize ukiwa safarini: haya nayalipia kwa moyo mweupe, na asiyelipa hadhuriki. Lakini kuna ubora mwingine ambao ukishauzwa, asiyelipa anaachwa kwenye hatari. Machi 2023 Twitter iliwaondolea wasiolipa uthibitisho wa hatua mbili kwa ujumbe mfupi wa simu, yaani ile namba ya siri unayotumiwa ili uingie kwenye akaunti. Ni kweli njia hiyo ni dhaifu kuliko nyingine na inamgharimu mwenye huduma, na ni kweli programu maalumu za uthibitisho ziliendelea kuruhusiwa bure. Lakini waliokuwa wakitegemea ujumbe mfupi ndio hasa wale ambao hawajui programu hizo ni nini. Mwaka huohuo Meta ilianza kuuza alama ya uthibitisho, na ndani ya kifurushi hicho kulikuwa na kuhudumiwa na binadamu akaunti yako ikipata tatizo. Nimemwona mtu aliyeibiwa akaunti. Alikuwa anatetemeka, kwa sababu mwizi alikuwa anawaomba pesa jamaa zake kwa jina lake. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba msaada upo kwa wanaolipia ni jambo nisiloweza kulitetea.

Na faragha je? Novemba 2023 Meta iliwapa watumiaji wa Umoja wa Ulaya chaguo mbili: kubali kufuatiliwa kwa ajili ya matangazo, au lipa, yuro 9.99 kwa mwezi ukitumia wavuti na 12.99 ukitumia simu. Baadaye bei ilishushwa, lakini Aprili 2025 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni hiyo faini ya yuro milioni 200, ikisema watu hawakupewa chaguo la kweli la huduma isiyotegemea data zao nyingi kiasi hicho. Wapo waliosema Tume inaua biashara ya kulipia kabla haijakua. Mimi naona kinyume chake. Mtu akiuziwa kitu ambacho alistahili kuwa nacho, anajifunza kwamba malipo ni fidia ya utekaji, na somo hilo atalibeba hadi kwenye huduma nyingine zote, hata zile zinazostahili pesa yake.

Pingamizi nalijua, tena ni zito. Usalama una gharama, binadamu wa kujibu barua ana mshahara, na lazima mtu fulani alipe. Signal walieleza hadharani Novemba 2023 kwamba ujumbe mfupi wa kuthibitisha namba za simu pekee unawagharimu kama dola milioni 6 kwa mwaka, na kwamba gharama zao zote zinaelekea dola milioni 50. Hawana matangazo, hawauzi data, na wakati huo hawakutoza ada yoyote. Wanaomba. Wikipedia nayo inaomba tangu zamani, na kwa maelezo yao wenyewe ni kama 2% tu ya wasomaji wanaochangia.

Hiyo 2% kuna wanaoiona kuwa aibu. Mimi huiona kwa jicho lingine. Mtu mmoja kati ya hamsini analipia kitu ambacho hakuna anayemlazimisha kulipia, na mlango hautafungwa asipolipa, na anafanya hivyo akijua kwamba arobaini na tisa waliobaki watasoma bure kwa pesa yake. Wengi kati ya hao arobaini na tisa hawana kadi, au ni watoto wa shule, au ni watu ambao mwezi huu wameweza kununua data tu na si zaidi. Kwa huduma ambazo kila mtu anazihitaji, sijaona mpango wa haki kuliko huo: mwenye uwezo hulipa, asiye na uwezo huingia, na ubora wa wote wawili ni uleule. Unahitaji kitu kimoja tu, mwenye huduma anayeaminika, naye ni adimu.

Nililianza upya daftari la maneno. Safari hii nalipia, mara moja kwa mwaka, kwa watu wachache wanaoendesha programu ndogo isiyojulikana sana. Haina urembo. Nilichagua hii kwa sababu niliwaandikia kabla ya kujiunga, nikawauliza siku wakifunga itakuwaje, na mtu akanijibu kwa jina lake kwamba faili zangu ni maandishi ya kawaida, zinafunguka popote, na kwamba kitufe cha kupakua vyote kiko kwenye ukurasa wa kwanza wa mipangilio.

Ukumbusho wa kulipia ulikuja juzi. Kabla ya kulipa nilibonyeza kitufe hicho, kama ninavyofanya kila mwaka sasa. Faili ilishuka kwa sekunde chache, ndogo, maneno elfu moja na mia mbili na kidogo. Niliifungua nikahakikisha inasomeka, nikaiweka mahali pawili, kisha nikalipa.